Oili kwenye gripu ya nini?

Hivi jamani, nani aliwafundisha mafundi wetu kupaka oili ndani ya gripu mpya, yaani ule mpira wa kushikia kwenye usukani wa pikipiki, ili iingie upesi? Inaingia, sawa. Halafu? Uko mlimani na abiria nyuma, unavuta mafuta, gripu inazunguka yenyewe, pikipiki haina habari! Mvua ikinyesha ndiyo usiseme: mpira unakubakia mkononi, usukani unaenda kwao. Mtu avunjike shingo kwa tone la oili?

Kazi yenyewe wala si ngumu. Chana gripu ya zamani kwa wembe, kwangua mabaki ya gundi, futa kwa spiriti, paka gundi mpya, sukuma, acha ikauke. Basi! Lakini mwambie fundi asubiri ikauke, atakutazama kama umemtukania mama.

Na nyie wauza spea! Gripu ya kulia inavaa juu ya kile kibomba cha plastiki cha kuvutia mafuta, kwa hiyo tundu lake ni pana kuliko ya kushoto, inayokaa kwenye chuma cha milimita 22. Mbona mnatuuzia mbili za kushoto, eti "itaingia tu, lazimisha"? Nilazimishe na nini, jeki? Tunataka jozi kamili, kulia na kushoto, kwa hela ileile tunayowalipa!