Mbegu bora sawa, ila nani aliyemudu kuinunua?

Mwandishi wa makala yenu kuhusu mbegu bora anasema kaya zilizopanda mbegu bora zina kipato kikubwa kuliko zilizobaki na mbegu za asili, kwa hiyo mbegu ndiyo iliyowainua. Hapo nasita. Anayewahi kununua mbegu mpya mara nyingi ndiye mwenye shamba kubwa kidogo, aliye karibu na barabara, anayetembelewa na bwana shamba na anayekopesheka. Huyo angewazidi wenzake hata kwa mbegu ya babu yake! Linganisheni kaya zilizofanana kabla ya kupanda, au zifuatilieni zilezile msimu hadi msimu.

Sipingi mbegu bora. Mpunga wa IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, ulikuwa na shina fupi lisiloanguka hata ukiwekewa mbolea nyingi, na mavuno ya Asia yakapanda kweli. Lakini ulitaka mbolea na maji ya uhakika.

Halafu makala imeruka suala la chotara, yaani mbegu inayopatikana kwa kuzalisha aina mbili tofauti pamoja. Ukitunza punje zake ukazirudia msimu unaofuata, nguvu inapungua na shamba linatoka mimea mirefu kwa mifupi. Maana yake ni fedha taslimu kila msimu, tena wakati ghala ni tupu. Zipo mbegu zilizoboreshwa zisizo chotara, mkulima anaweza kuzitunza misimu kadhaa. Zinazaa kidogo kuliko chotara, ila kwa mwenye kishamba na asiye na akiba, mimi ningeanza na hizo.

Na mavuno yakiuzwa, fedha anashika nani nyumbani? Hilo nalo hamkuliuliza.