Udada wenye ada: binti ajiunge au asijiunge?

Binti wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, yuko mwaka wa pili chuoni huko Ohio. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Shikamoo mamdogo. Nimealikwa kujiunga na sororiti ya kujitolea. Mama amekataa." Nikampigia dada Arusha, naye hakuzunguka. Amesikia kwamba sororiti, yaani chama cha udada cha wanafunzi wa kike wa chuo, ina jina la herufi za Kigiriki, kiapo, na sherehe ya usiku ambayo asiye mwanachama haingii. "Hiyo si Frimasoni hiyo?"

Hofu ya dada haijatoka hewani. Huko huko Marekani wapo wanawake Wakristo waliojitoa hadharani katika vyama hivi miaka ya karibuni, wakisema viapo vinagongana na imani yao. Wapo pia Wakristo wenye msimamo kama wao waliobaki, na hawaoni mgongano wowote. Kwa hiyo dini peke yake haitutoi hapa. Lazima kwanza tujue binti amealikwa wapi, maana jina "sororiti" limebeba vitu vitatu tofauti.

Kipo chama cha udada cha kijamii, chenye nyumba yake, karamu zake na wiki ya kuchagua wapya. Kipo cha wanawake weusi, kilichozaliwa wakati ambapo milango mingine yote ilikuwa imefungwa: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, Delta Sigma Theta 1913 na Zeta Phi Beta 1920, vyote katika Chuo Kikuu cha Howard, kisha Sigma Gamma Rho kule Indianapolis mwaka 1922. Halafu kipo ambacho kazi ya kujitolea ndiyo sababu yake ya kuwepo, kama Gamma Sigma Sigma ya mwaka 1952 au Omega Phi Alpha, iliyoanzia Ohio kwenyewe mwaka 1967. Binti amealikwa kwenye kundi hili la tatu, ambalo mama yake hakuwahi kulisikia.

Wanaopinga husema: ukitaka kugawa chakula kwa maskini, si uende ukagawe? Ada ya nini, herufi za nini? Nililiamini swali hilo kwa muda mrefu, mpaka niliposoma walichofanya wanawake wa Alpha Kappa Alpha kule Mississippi. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, kila kiangazi, wakiongozwa na daktari Dorothy Boulding Ferebee, walikwenda kutibu na kuchanja watoto wa wakulima weusi waliolima pamba katika ardhi ya watu kwa kugawana mavuno. Wenye mashamba hawakutaka watu wao watoke kwenda kliniki. Basi wakaipakia kliniki kwenye magari wakaifuata mashambani. Mtu mmoja mwenye moyo mwema asingeweza hilo. Zilihitajika fedha za pamoja, madaktari na wauguzi wanaoaminiana, na watu wanaorudi mwaka unaofuata hata baada ya kufukuzwa mwaka huu. Hata kwetu mkono wa vyama hivi umefika: Delta walichangia wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, Thika, miaka ya 1960. Kifungo cha udada ndicho kilichofanya kazi hiyo idumu.

Lakini kifungo hicho hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Aliyesoma bweni Tanzania anajua njuka, yaani wanafunzi wapya, walivyofanyiwa: kuamshwa usiku, kutumwa, kudhalilishwa, na mwaka unaofuata aliyefanyiwa naye anafanya. Vyama vya Kigiriki vina historia hiyo, na wapo wanafunzi waliokufa. Mwaka 1990 vyama vikuu vya weusi vilifuta rasmi kipindi cha kuwapitisha wapya kwenye majaribu, lakini mambo mengine yaliendelea gizani. Disemba 2024 Rais Biden alitia saini sheria inayovitaka vyuo viweke hadharani taarifa za vyama vilivyobainika kunyanyasa wapya. Nimemwambia binti aitafute taarifa ya chuo chake kabla ya kununua fulana yenye herufi. Vyama vya kujitolea vina sifa nzuri zaidi upande huu, ila sifa ya chama kizima haimlindi mtu katika tawi moja baya.

Kuna ubaya mwingine mdogo ambao watu hawausemi. Katika vyama vingi vya kujitolea mwanachama anatakiwa kutimiza idadi ya saa kila muhula. Naelewa sababu, kwani bila hesabu wavivu watavaa herufi tu. Ila saa zikishakuwa ndiyo kipimo, kazi inachaguliwa kwa urahisi wake kwa mwanafunzi, na anayehudumiwa haulizwi anachohitaji. Mzee wa nyumba ya kutunzia wazee anayetembelewa na wasichana ishirini kabla tu ya muhula kwisha, kisha asimwone mtu miezi mitatu, amesaidiwa nani hapo?

Sisi wenyewe tumelipitia hili. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada wakishindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Fedha nyingi za wanawake ziliteketea katika kushindana. Na bado humo humo walijifunza kuongoza, kuchanga na kuzikana, na wengi wao ndio walioingia katika vyama vya wanawake Waislamu vilivyoanzishwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya elimu na ustawi. Ndiyo maana sisemi ada na sare ni upuuzi. Nauliza tu zinalipia nini.

Njia nyingine zipo, na nimezitaja kwa binti. Alpha Phi Omega, chama cha kujitolea cha tangu 1925, kimefungua mlango kwa wanawake tangu 1976. Rotaract, chama cha vijana cha kujitolea kilicho chini ya Rotary, haina siri yoyote, na hata akirudi Dar es Salaam au Nairobi ataikuta vyuoni. Alinisikiliza, kisha akasema jambo lililonifunga mdomo: "Mamdogo, mwaka jana nilipougua homa siku nne, hakuna aliyegonga mlango wangu." Msichana wa Arusha katika chumba cha bweni Ohio, mwezi wa Februari. Huduma kwa jamii anaitaka kweli, najua alivyolelewa, lakini anataka pia watu watakaogonga. Sioni aibu katika hilo. Naona ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayoweza kumfanya akubali asichopaswa kukubali.

Kwa hiyo mimi nimesema ajiunge, kwa masharti mawili niliyokubaliana na dada. Ada ailipe kwa fedha ya kazi yake ya maktaba, bila kugusa ya chakula. Na maneno ya kiapo ayasome kabla ya kuyatamka, akiwa peke yake, mchana. Amelipeleka ombi hilo kwa viongozi wa tawi. Bado hawajamjibu, na siku ya mwisho ya kulipa ni Ijumaa ijayo.