Size Zote Zipo

Mzee mmoja fundi majeneza wa huku Buzuruga, Mwanza, alinijia ofisini anataka bango, akanyoosha kidole kwenye kadi ya besdei niliyokuwa naidizaini, "kijana, nataka maandishi kama haya, yamenona kama sato wa Mwaloni." Sasa ile fonti ni Cooper Black, aliichora Mmarekani anaitwa Oswald Cooper kule Chicago mwaka 1922, haina ncha kali hata moja, herufi zote mashavu tupu, ukiiona tu unataka kucheka. Nikamwambia mzee wangu hii ni ya aiskrimu, keki, chekechea, fulana za sendofu, tena inataka maneno machache makubwa, ukiipunguza vile vitundu vya a na e vinaziba hakisomeki kitu. Akasema anayelipa nani?

Halafu akagoma neno majeneza lisikae juu eti linafukuza watu. Basi juu, njano kwenye pinki (rangi kachagua mwenyewe), KARIBUNI SANA SIZE ZOTE ZIPO, katikati namba ya simu, na huko mwisho kabisa kijimstari: majeneza ya mninga, tunasafirisha mpaka Ukerewe. Fonti ileile. Ukiwa kwenye daladala unaona madoa tu.

Nimeenda kudai salio langu, simu yake ikaita, na mzee masikio yamechoka kwa hiyo anaweka laudspika.

"Shikamoo baba, nimeona bango lenu, nataka ya mtoto."

"Marahaba. Poleni sana mwanangu."

"Asante baba." Nadhani mama wa watu alijua anapewa pole na kazi.

"Ana umri gani?"

"Anatimiza mitano Jumamosi."

Mzee akanitazama. Ila biashara ni biashara. "Na urefu?"

"Ghorofa mbili."

"Mungu wangu, kumbe wako wawili?"

"Hapana, ni mmoja tu, juu muandike Hongera Neema."

"Hongera?!"

"Eeh, mlete Nyegezi saa nane, watoto wanataka kukata wenyewe."

"Kukata nini mama!" Mzee kapiga kelele mpaka kijana wake akaacha kupiga randa, mimi nishatoka nje nimeshika tumbo.

Simu za hivyo zikazidi mpaka mzee akawa hapokei namba ngeni kabisa, msiba wa kweli ukampita ukaenda kwa fundi mwingine, ndo akalishusha bango kwa hasira akamuuzia dada wa keki ng'ambo ya barabara kwa nusu bei. Dada kabandika stika ya namba yake juu ya ile ya mzee, kalitundika, na oda zinaingia kwelikweli. Kile kijimstari cha mninga na Ukerewe bado kipo palepale chini, hajakisoma yeye wala wateja wake, na mimi wa kumwambia siyo mimi, maana salio langu mzee alinilipa kwa hela ya huyohuyo dada.