Almirante: jina la mtaa na jina la baba

Kila baada ya muda, baraza la mji fulani nchini Italia huketi kujadili kama mtaa au uwanja upewe jina la Giorgio Almirante, mwanasiasa aliyewakusanya wafuasi wa dikteta Mussolini katika chama baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Roma ilifikia hapo Juni 2018. Madiwani walipitisha hoja, na meya Virginia Raggi akaizuia upesi. Miji mingine imekwisha kutundika kibao. Kila mara wanaogombana ni wawili, na kila mara nikiwasikiliza naona kuna mtu wa tatu ambaye hakuitwa kikaoni.

Wanaotaka kibao wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Almirante alizaliwa mwaka 1914 katika ukoo wa waigizaji wa jukwaani, na alikuwa na kipaji cha kusema hata maadui zake walikuja kumsikiliza. Vita vilipokwisha, Italia ilijaa wafuasi wa Mussolini walioshindwa, wenye chuki na wengine wenye silaha zilizofichwa. Desemba 1946 yeye na wenzake waliunda chama cha MSI, wakawapeleka watu hao kwenye sanduku la kura. Yeye mwenyewe aliingia bungeni mwaka 1948 na hakutoka humo hadi alipofariki mwaka 1988. Juni 1984, kiongozi wa wakomunisti Enrico Berlinguer alipofariki, Almirante alikwenda makao makuu ya chama hicho na kujipanga na waombolezaji kutoa heshima za mwisho. Miaka minne baadaye wakomunisti wakubwa, Nilde Iotti na Giancarlo Pajetta, walikwenda kumuaga yeye. Nani asiyeguswa na jambo hilo? Mwali wa rangi tatu wa MSI bado umo katika nembo ya chama cha Giorgia Meloni, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mwaka 2022, na wanaomsifu Almirante husema kwamba bila yeye upande huo wa siasa usingejifunza kuishi na wapinzani wake.

Wanaokataa kibao huja na karatasi mbili. Ya kwanza ni tangazo la Mei 1944, wakati Almirante alipokuwa mkuu wa ofisi ya waziri wa Utamaduni wa Umma katika serikali ya Salò, ile ya Mussolini iliyobaki kaskazini mwa Italia chini ya ulinzi wa Wajerumani. Liliwataka vijana waliokimbia jeshi na waliojiunga na wapiganaji wa upinzani wajisalimishe kabla ya siku iliyotajwa, la sivyo wapigwe risasi mgongoni. Magazeti yalipolichapisha tena mwaka 1971 likiwa na jina lake, alilikana, akaenda mahakamani, na waandishi wakaachiwa huru.

Karatasi ya pili ni jarida. *La difesa della razza*, yaani "Utetezi wa mbari", lilitoka mara mbili kwa mwezi kuanzia Agosti 1938 hadi Juni 1943, chini ya mhariri mkuu Telesio Interlandi. Almirante alikuwa katibu wa uhariri tangu 1938 hadi 1942. Humo ndimo sheria dhidi ya Wayahudi wa Italia zilimopikiwa hoja na kupewa sura ya sayansi. Watetezi wake hujibu kwamba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katibu tu, na kwamba baadaye alisema hadharani ameachana na ubaguzi huo. Mwenyewe alisimulia kwamba alimficha Myahudi mmoja wakati wa Salò, na kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyemficha yeye vita vilipokwisha.

Hapo mjadala husimama. Lakini litazame jalada la toleo la kwanza. Kuna vichwa vitatu. Upande mmoja sanamu ya kale ya Kigiriki, kisha upanga, kisha kichwa cha udongo kilichochongwa kwa dhihaka kuwa Myahudi, na nyuma yake uso wa mwanamke wa Kiafrika. Upanga huo uliwatenga watu wawili, si mmoja. Na tarehe 5 Mei 1942 Almirante aliandika makala yake inayonukuliwa kuliko zote, akisema ubaguzi wa mbari uwe chakula cha wote, nao uwe wa damu, si wa roho wala wa fikra. Vinginevyo, aliandika, tutajikuta tunawafanyia kazi "machotara na Wayahudi". Akamalizia kwamba ipo hati moja tu ya kuuzuia uchotara na Uyahudi, nayo ni hati ya damu. Mara mbili anawataja, na mara zote mbili chotara ndiye anayetangulia. Wanaonukuu maneno hayo huyasoma yote, kisha wakazungumza kana kwamba nusu yake haikuandikwa.

Chotara huyo alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa baba Mtaliano na mama Mweritrea, Mhabeshi au Msomali. Humo wamo pia watu wa lugha yetu. Bandari za Benadir, pwani ya Somalia, Barawa ikiwa mojawapo, Italia ilizikodi kwa Sultani wa Zanzibar na kuzinunua mwaka 1905. Kismayu ilikatwa kutoka Kenya na kukabidhiwa Italia mwaka 1925. Mama aliyezungumza Chimiini, Kiswahili cha Barawa, au Kibajuni pwani ya Kismayu, aliishi chini ya sheria hizohizo. Amri ya Aprili 1937 ilimtishia Mtaliano kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano akiishi na mwanamke wa koloni kama mume na mke. Kisha ikaja sheria namba 822 ya tarehe 13 Mei 1940, mahsusi kwa machotara. Mtoto huhesabiwa mwenyeji kama mama yake. Baba raia haruhusiwi kumtambua. Haruhusiwi kutumia jina la ukoo la baba. Chakula, malezi na shule yake ni juu ya mzazi mwenyeji peke yake.

Nimeirudia mara nyingi hiyo ya jina. Kwetu mtoto huitwa kwa baba yake, fulani bin fulani, na anayekosa jina la pili huulizwa maswali kuanzia chuoni hadi siku ya kuposa. Hapa dola iliketi, ikaandika, ikapiga mhuri kwamba hata baba akitaka, na yupo nyumba ya pili, jina lake asimpe mwanawe.

Ni kweli kwamba Almirante hakuitunga sheria hiyo. Mwaka 1940 hakuwa waziri wala mbunge. Lakini angalia tarehe ya makala. Februari 1941 majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya, askari wetu wa KAR, kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza, wakiwamo, yalikuwa yamekwisha kuingia Kismayu na Mogadishu, na kabla mwaka huo haujaisha himaya yote ya Italia Afrika Mashariki ilikuwa imeanguka. Mei 1942 hakukuwa na koloni la kulinda wala mkubwa wa kumridhisha kwa ajili ya koloni hilo. Aliyeketi kuandika kwamba watoto hao ni hatari na wapimwe damu alikuwa anasema anachokiamini. Kwa hiyo neno "katibu tu" mimi silikubali. Heshima aliyompa Berlinguer ilikuwa ya kweli, naipokea. Ila Berlinguer alikuwa Mtaliano mwenzake, na mwisho wa uadui wa Wataliano wawili hauwezi kulipa deni la mtu aliyekuwa Barawa au Asmara.

Sheria ya machotara ilifutwa mwaka 1947. Aprili 1948 Almirante alichaguliwa bungeni, akakaa humo miaka arobaini. Siku zote hizo, Asmara na Mogadishu, waliishi watu wazima waliojua baba zao ni akina nani na wasiweze kulithibitisha hilo mbele ya karani wa ubalozi, kwa sababu mwaka waliozaliwa jina lilikatazwa kuandikwa. Baadhi ya watoto na wajukuu wao wangali wanaomba uraia. Baraza lolote la mji likiketi tena kuhusu kibao cha Almirante, ningetaka mmoja wa hao aitwe, apewe kiti na muda wa kusema, kabla kura haijapigwa.