Kupekua au Kuaminiana: Mtoto wa Mombasa na Simu ya Nyumbani

Shule zikifungwa, mabishano haya hurudi Mombasa: kwenye mikutano ya wazazi, kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa, barazani baada ya Magharibi. Mzazi mmoja anasema simu ya mtoto ni ya kupekuliwa kila usiku, kwani aliye chini ya miaka 18 hana siri kwa mzaziwe. Mwenzake anajibu kwamba mtoto anayepekuliwa hujifunza kuficha tu, na kwamba malezi ni kuaminiana. Wote wawili wanawapenda wanao na wote wawili wana hoja. Linalonisumbua ni kwamba wanabishana kana kwamba kila mtoto ana simu yake, chumba chake na mzazi wa kuketi naye kila jioni. Nyumba nyingi za Kisauni, Likoni, Changamwe na Mji wa Kale haziko hivyo.

Nianze na hofu, kwa sababu hofu hii ina msingi. Pwani yetu iliujua unyonyaji wa watoto kabla simu za kisasa hazijaenea. Mwaka 2006 utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono kwenye maeneo ya utalii ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Wakati huo mnunuzi alilazimika kufika ufuoni. Leo halazimiki. Machi 2025 BBC iliripoti kuhusu wasichana nchini Kenya, wengine wenye miaka 15, waliotumia matangazo ya moja kwa moja ya TikTok kujiuza, watazamaji wakiwalipa kwa zawadi za kidijitali na kampuni ikikata fungu lake. TikTok ilijibu kwamba haivumilii unyonyaji. Mzazi wa Bamburi aliyesoma habari hiyo na akashika simu ya bintiye usiku huohuo simlaumu hata kidogo.

Wanaotetea upekuzi wanaikumbusha jamii hadithi ya Mtume inayojulikana na kila aliyesoma chuo cha Kurani: nyote ni wachunga, na nyote mtaulizwa juu ya mlichokichunga. Wanaongeza na methali ya wazee, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya kawaida kabisa. Madhara ya mtandaoni huja kwa kasi, na picha ikishatumwa hairudi. Mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kumtambua mtu mzima anayejifanya mtoto mwenzake. Hata dunia imeanza kuelekea upande wao: Australia ilipitisha sheria Novemba 2024, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii ziwazuie watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Ni vizuri kuangalia nani anaadhibiwa huko. Ni kampuni, kwa faini inayoweza kufika dola milioni 49.5 za Australia, wala si mtoto wala mzazi.

Kwa mtoto mdogo niko upande wao bila masharti. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wa darasa la kwanza au la pili hahitaji faragha ya simu. Anahitaji mtu mzima aketi karibu naye. Hapo sioni la kujadili.

Mjadala wa kweli unaanza mtoto anapokaribia kubaleghe, na hapo ndipo upande wa pili unapopata uzito. Wao nao wana aya yao, kutoka Surat Al-Hujurat: wala msipelelezane. Unaweza kusema aya hiyo inawahusu watu wazima na kwamba mzazi ana haki zake, na wanazuoni wanaweza kulijadili hilo kuliko mimi. Ila hoja yao ya kidunia haijibiki kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto), INTERPOL na UNICEF kuhusu Kenya uligundua kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watumiaji wa intaneti, na kati ya asilimia 5 na 13 ya watumiaji hao walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji mbaya wa kingono wa mtandaoni katika mwaka mmoja tu. Mara nyingi mhalifu alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Na waliofikisha jambo polisi au kwenye simu ya msaada walikuwa wachache mno.

Ukimya huo ndio silaha ya mhalifu. Tazama jinsi vitisho vya picha vinavyofanyika. Mtu anamtumia kijana ujumbe wa sifa, anajiita msichana wa rika lake anayeishi Nyali, wanazoeana kwa siku chache, kisha anaomba picha. Akishaipata anabadilika: anamwonyesha kijana orodha ya marafiki na jamaa zake wa Facebook, na kumwambia atume pesa kwa M-Pesa, la sivyo picha itafika kwa mamake na kwa ustadhi wake. Mpango mzima unategemea jambo moja, kwamba kijana anamwogopa babake kuliko anavyomwogopa huyo mgeni. Katika nyumba ambamo kila kosa la simu huishia kwa kiboko na simu kufungiwa kabatini, mhalifu amekuta kazi yake imeshafanywa nusu. Kijana atalipa. Ataiba sarafu dukani kwa amu yake ili alipe, na akishalipa mara moja ataombwa tena.

Hii ndiyo sababu naona swali la kupekua au kutopekua si swali la kwanza. La kwanza ni hili: mwanao akikosea leo usiku, akatuma asichopaswa kutuma, atakuja kwako kabla ya alfajiri? Kama jibu ni hapana, upekuzi wako utakuonyesha tu yale aliyosahau kuyafuta.

Hata hivyo wanaohubiri kuaminiana wana upungufu wao, na mara nyingi hawausemi. Kuamini kunahitaji muda wa kuzungumza. Mama anayedamka kwenda soko la Kongowea kabla ya jua na kurudi usiku hana muda huo, wala baba anayefanya zamu bandarini. Na kuna nyumba ambazo mama mwenyewe hayupo. Wanawake wengi wa Mombasa na Pwani nzima wamekwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wakawaacha watoto kwa bibi. Katika nyumba kama hiyo bibi ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na simu ya kisasa iliyotumwa kutoka Jeddah inaendeshwa na mjukuu wa miaka 12, ambaye ndiye pia anayemwekea bibi salio na kumsomea ujumbe wa M-Pesa. Nani anamchunga nani? Na ukimwambia bibi aifungie simu hiyo, umemfungia mtoto mamake pia, kwa sababu sura ya mama na sauti yake vinakuja kwa njia hiyohiyo, Ijumaa kwa Ijumaa, mwajiri akiruhusu. Kwa watoto hawa naamini mama aliye mbali anaweza kuchunga kuliko anavyodhani: akipiga video, aulize nani amemwandikia mwanawe wiki hii, na amsikilize bila kupandisha sauti. Mtu mzima wa pili, shangazi au jirani anayeelewa simu, apewe ruhusa ya wazi ya kuangalia, na mtoto aambiwe kwamba ruhusa hiyo imetolewa.

Halafu kuna simu yenyewe. Vifaa vya ulinzi vinavyosifiwa viliundwa vikimfikiria mtoto mwenye simu yake. Family Link ya Google, kwa mfano, inamtaka mtoto awe na akaunti yake, na mzazi aiongoze kutoka kwenye kifaa chake mwenyewe. Hapa kwetu simu ni ya mama, pengine bado inalipiwa kidogokidogo kila siku, na watoto watatu wanaipokezana. Mfumo wa TikTok au YouTube hauwaoni watoto hao. Unaona mwanamke wa miaka 35, kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa akaunti ilipofunguliwa, na unajifunza kutokana na video anazozitazama hadi mwisho. Mama akitazama usiku ugomvi wa ndoa na umbea wa mitandaoni, asubuhi mtoto wa miaka minne akipewa simu hiyo anyamaze, vinavyomjia ni vya mama. Ulinzi wa umri haukuvunjika. Haukuwahi kuwashwa.

Ndiyo maana ushauri wa kumfungulia mtoto akaunti unaotolewa kwenye semina hoteli za ufuoni huwapita wazazi wengi. Yako mambo yanayofaa kwa simu ya kushirikiana, na hayagharimu chochote. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, hivi kwamba mtoto hawezi kutoka humo bila nambari ya siri. YouTube Kids inaweza kuwekewa nambari ya mzazi, na utafutaji ukazimwa. Baadhi ya simu huruhusu mtumiaji wa pili, mwenye ukurasa wake usio na WhatsApp ya mama wala picha zake. Na lipo lile la kienyeji: pakua katuni, zima data, ndipo umpe simu. Nambari ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana anaujua.

Wapo wanaoamini kwamba kumnyima mtoto bando kunatosha. Hakutoshi. Maduka ya muvi hujaza memori kadi kwa sarafu chache, na mambo mabaya kabisa husafiri kutoka simu hadi simu bila intaneti.

Shule nazo zimetuingiza humu, na hazipaswi kutuachia mzigo peke yetu. Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, masomo yalihamia WhatsApp, na hayakutoka tena. Kazi za mtaala mpya zinamtaka mzazi apige picha na video za mtoto na kuzituma kundini, ambako nambari ya kila mzazi inaonekana na kila mwanachama, wakiwemo wasiofahamika. Madrasa hurusha moja kwa moja maulidi na sherehe za kuhitimu, majina ya watoto yakitajwa. Mzazi anafurahi, na nafahamu furaha hiyo. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Mzazi wa Tudor au Majengo ana haki ya kumwuliza mwalimu mkuu picha za mwanawe ziko wapi na nani anaziona. Na ana wajibu wa kujiuliza vivyo hivyo anapoweka kwenye stetasi yake picha ya binti akiwa na sare yenye nembo ya shule, saa moja asubuhi, kila siku.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni umri wa miaka 13, ambao mitandao mingi huutaka kabla ya mtu kufungua akaunti. Wazazi huuchukulia kana kwamba wataalamu wameamua kuwa mtoto amekomaa. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto. Haikupima ukomavu wa mtu yeyote. Mtoto wa 13 aliyefungua akaunti kihalali bado anahitaji kuchungwa, pengine kuliko alivyohitaji akiwa na 10.

Kwa hiyo nachagua nini? Kwa watoto wadogo, masharti yote, bila samahani. Kuanzia sekondari msingi, yaani gredi ya saba, ukaguzi uwepo lakini uwe wa wazi: mtoto ajue simu itaangaliwa, ajue na nani, na aketi pale inapoangaliwa. Upekuzi wa siri naukataa kwa sababu mzazi akigundua jambo hawezi kulizungumza bila kujifichua, na wengi huishia kulilipua kwa hasira. Na juu ya yote, ahadi moja itolewe mapema na itimizwe: ukija kuniambia mwenyewe, hutapigwa na hutanyang'anywa simu. Kutimiza ahadi hiyo siku mtoto anapokuja na jambo la aibu ni kazi ngumu sana. Baba aihesabu kuwa ibada.

Siku hiyo ikifika, asilipwe mtu senti moja, na mazungumzo yasifutwe hata yakichefua, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Piga picha za skrini za ujumbe wa vitisho, andika nambari na jina la akaunti, kisha mzuie mtu huyo. Picha ya mtoto yenyewe usiisambaze kwa yeyote, hata kwa jamaa wa kuomba ushauri. Simu ya msaada wa watoto ni 116, haitozwi. Idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ina kitengo cha ulinzi wa watoto chenye ofisi Mombasa, na Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamweka anayetengeneza au kusambaza picha za ngono za mtoto kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka 25 au faini ya hadi shilingi milioni 20. Nenda pamoja na mwanao, na ukiulizwa kituoni kwa nini alituma picha hiyo, jibu wewe.