Malezi ya mikono mingi na kipimo cha chumba kigeni

Miongoni mwa wazazi vijana wa Unguja na Pemba umeenea ushauri kwamba mtoto mchanga asipokaa na mamake peke yake mwaka wa kwanza atakosa utulivu wa moyo, na kwamba kumwachia bibi au shangazi kunamharibia. Ushauri huo husemwa kuwa umetoka kwa wanasaikolojia. Asili yake ni huko kweli, ila umefika huku nusu.

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alishikilia kwamba mtoto huzaliwa na haja ya mtu maalumu wa kumkimbilia anapoogopa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliutafuta ushahidi wa jambo hilo Uganda kabla ya Marekani: mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 za vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwatazama watoto wakinyonya, wakibebwa na wakilia mama anapotoka. Baadaye, huko Baltimore, aliwakuta watoto waliozoea mama kuingia na kutoka, wasioshtuka sana wakiwa kwao, na ndipo akabuni jaribio la dakika 20 hivi katika chumba kigeni. Mgeni huingia, mama hutoka, mtoto huachwa peke yake kidogo, kisha mama hurudi na watafiti huangalia anavyopokewa. Mtoto anayemfuata mama na kutulia huhesabiwa kuwa na mfungamano salama; anayempuuza huitwa mkwepaji; anayemng'ang'ania huku amekasirika huwekwa fungu la tatu. Kipimo hicho, basi, kilishonwa kwa kimo cha mtoto wa Marekani.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Mwaka 1988 watafiti wa Uholanzi, van IJzendoorn na Kroonenberg, walikusanya matokeo ya makundi 32 kutoka nchi 8, na kila nchi fungu la salama lilikuwa kubwa kuliko mengine, huku tofauti za ndani ya nchi moja zikizidi tofauti za nchi na nchi. Wapinzani, akiwemo Heidi Keller wa Ujerumani, hujibu kwamba jaribio lenyewe limejengwa juu ya malezi ya mama mmoja na mtoto mmoja. Japani, katika utafiti wa mji wa Sapporo, hakuonekana mkwepaji hata mmoja, na wang'ang'anizi walikuwa wengi; watoto wale hawakuwa wamezoea kabisa kuachwa peke yao.

Tumtazame sasa mtoto wa Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja. Maji ya bamvua yanapokupwa, mama hujifunga kanga akaenda kwenye mwani, na mtoto hubaki ukumbini na bibi, akapokewa na dada yake, akachukuliwa na jirani, akarudishwa akiwa amelala. Kuondoka kwa mama amekuzoea. Kuachwa pasipo mtu, hata kwa dakika tatu, hakujui. Katika chumba kile cha jaribio, akiwa mtulivu kwa mgeni ataonekana hamjali mama, na akipiga kelele chumba kikibaki kitupu ataonekana hana usalama, ilhali mambo yote mawili yametokana na desturi ya nyumba yao.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kila desturi isafishwe kwa hoja hii. Talaka inapotokea, mtoto akatolewa kwa mamake akapelekwa kwa bibi mzaa baba, kisha akarudishwa mambo yakibadilika, wingi wa jamaa haumfidii yule mmoja aliyemzoea. Hapo Bowlby ana haki. Yeye mwenyewe, katika ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, alizungumzia mama au mtu wa kudumu anayeshika nafasi yake, na bibi anayemwogesha mjukuu, kumlisha na kulala naye anaingia humo bila shida.

Kwa hiyo bibi wa shamba hanitii wasiwasi. Wasiwasi wangu uko mjini, kwa wazazi wote wawili walio kazini, ambako mtoto huachiwa msichana wa kazi anayebadilishwa kila baada ya miezi michache, mara nyingi kwa ugomvi wa mshahara, akaondoka asubuhi bila hata kuagwa. Anayewashauri wazazi hawa angeuliza kwanza mtoto akishtuka usiku anamtaka nani, na mtu huyo atakuwepo nyumbani hadi lini.