Sokoine angeishi, Mkapa angekuwa wapi?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema Waziri Mkuu Edward Sokoine asingefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, angekuwa Rais wa Tanzania mwaka 1985 na rushwa ingekoma. Hilo la urais nakubali kwa shingo upande. Hilo la rushwa, hapana.

Tazama mlolongo ulivyokwenda. Kifo chake kilimtoa Salim Ahmed Salim Mambo ya Nje akawa Waziri Mkuu. Kiti cha Mambo ya Nje kikaenda kwa Benjamin Mkapa, ambaye muda huo alikuwa balozi wetu Marekani. Sasa rudisha gari lile Dar salama: Salim anabaki alipo, Mkapa anabaki Washington, na Mzee Mwinyi, aliyeingia Ikulu ya Zanzibar miezi michache tu nyuma baada ya Jumbe kujiuzulu, pengine anamalizia huko huko. Ile 1995 tunampigia nani? Watu wanamlilia Sokoine (haki yake, alikuwa na miaka 45 tu) bila kuona kwamba wanafuta marais wawili, Mwinyi na Mkapa, kwa mpigo.

Na tukumbuke duka lilivyokuwa. Msako wa 1983 wa wahujumu uchumi (walanguzi na waficha bidhaa) ulifanya watu watupe bidhaa usiku, lakini sabuni haikurudi kwenye rafu. Fedha za kigeni hazikuwepo. Makubaliano ya 1986 na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) yangemfikia hata yeye mezani, na sidhani kama angekuwa na kalamu tofauti.